Elfu Kumi na Nane

Barua arobaini na moja nimechapa asubuhi hii,
zote zaanza "Mteja Wetu Mpendwa,"
na mpendwa wa ishirini na tatu ni Zubeda Kihiyo,
muoka boflo, Barabara ya Kumi na Sita, Ngamiani,
aliyekopa milioni kumi na mbili
akanunua mashine ya kukanda na tanuri la trei nane.
Riba ilikuwa kumi na sita kwa mia.
Kuanzia tarehe mosi ni kumi na tisa.

Nimepiga hesabu mara mbili:
rejesho lake la mwezi limeongezeka
elfu kumi na nane.
Meneja akachungulia kioo changu, akasema, si nyingi.
Kweli, si nyingi.
Ni ujira wa siku tatu wa Kiondo,
kijana anayesambaza mikate kwa baiskeli
tangu saa kumi alfajiri hadi Chuda kuchangamke.

Makao makuu wametuletea maelezo ya kuwapa watu:
bei zimepanda, pesa mtaani imechemka,
sharti ipozwe kama uji
kabla haijaunguza midomo.
Nimeyakariri. Ni maelezo mazuri.
Ila uji hupulizwa na aliyeshika kikombe.

Saa nne akaja Mzee Shemhilu,
mstaafu wa reli, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata,
na mfuko wa machungwa ya Muheza kwa ajili yangu.
Kiinua mgongo chake kiko kwetu, amana ya miaka miwili,
kipande kingine amenunulia hatifungani.
Akakalia kiti kile kile
alichokalia Zubeda siku ya kutia sahihi,
akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeulizia mchumba:
"Nasikia imepanda?"
Imepanda, mzee.
Akacheka hadi pengo likaonekana.

Kwake tunaiita faida.
Kwa Zubeda tunaiita riba.
Shehe wa mtaa wetu ana jina moja kwa zote mbili;
nami humwamkia haraka haraka, nikapita.

Mwezi haukuisha.
Hoteli moja ya Raskazone, nayo ina mkopo wake,
ikapunguza oda kutoka boflo mia hadi arobaini.
Kiondo akaambiwa apumzike kidogo.
Fundi wa kuziba pancha zake
sasa anashinda akicheza bao na mkono wake mwenyewe.

Mzee Shemhilu akarudi kuchukua faida,
akaihesabu, akaridhika, akaitia mfukoni, akageuka:
"Lakini mwanangu, boflo la Zubeda siku hizi jepesi.
Ukilibana linabaki mkononi kama leso."
Bei ni ile ile.
Sikumwambia nani kakila kilichopungua.

Tanga, waja leo, waondoka leo:
hiyo huambiwa wageni.
Pesa ya mkopo nayo ni mgeni,
yaja leo, yaondoka leo,
na huondoka na sahani.

Ijumaa Zubeda akaleta rejesho, kamili,
noti zanukia hamira.
Barua yangu akairudisha juu ya meza, kifudifudi.
Mgongoni mwake ameandika, herufi za wino zimesimama wima:

*Mlinipa mkicheka, hamkunena kupanda,*
*Sasa tanuri lawaka, unga sina wa kukanda,*
*Kila mwezi ukitoka, nami mwilini nakonda,*
*Riba mnayoiweka, yanila kama kidonda.*

Nimehesabu kwa vidole, ndiyo kazi yangu.
Mizani imetimia. Hakuna hata moja anayodaiwa.

Nikafungua kabati.
Kuna faili la madai, faili la dhamana,
faili la wateja sugu.
Nikalirudishia.
Nimeiweka kwenye droo yangu,
juu ya barua ya arobaini na moja,
ile ya nyumba ya Pongwe isiyoezekwa bado,
yenye jina langu,
niliyoichapa mwenyewe
na mpaka leo sijatia sahihi kwamba nimeipokea.